Nimeacha krimu ya kuchanganyiwa, uso umeharibika, na harusi ya mdogo wangu ni Desemba. Nianzie wapi?

Binti_Chumbageni

Jamani wapendwa habari zenu, naomba mnisome mpaka mwisho maana ni ndefu kidogo. Nina miaka 28, nipo Tanga mjini, ngozi yangu paji la uso na pua vinatoa mafuta lakini mashavuni inakauka mpaka inapauka. Mwaka jana nilikuwa na madoa ya chunusi, dada mmoja wa saluni akanichanganyia krimu kwenye kopo jeupe, halina lebo wala nini, akaniambia hii ni ya kung'arisha tu haichubui. Kweli wiki mbili hazikuisha madoa yakapotea, uso ukawa laini kila mtu ananiuliza unapaka nini, nikaendelea nayo miezi saba hivi. Kopo likaisha, yule dada akawa amehama, nikasema basi naacha. Siku ya nne tu uso ukaanza kuwaka moto, mwekundu, vipele vidogo vidogo kuzunguka mdomo na kidevuni, usiku silali kwa kuwashwa.

Nikaamua nirudi kwenye vitu vya asili. Kwa sasa naosha na sabuni ya mche, asubuhi napaka limau na asali nakaa nayo nusu saa, jumamosi nasugua na beking soda, usiku mafuta ya nazi. Mwezi wa pili huu naona hali inazidi na madoa meusi yamerudi zaidi ya mwanzo.

Sasa Desemba mdogo wangu anaolewa na mimi ndiye nasimama naye. Nakuulizeni mambo mawili. La kwanza, asili ipi inafaa kweli maana mama anasema nitafute liwa na singo. La pili ni mekapu, mimi fondesheni zote nilizowahi kununua zinanifanya niwe kama nimepakwa majivu, sijui nakosea wapi, na brashi nimeona seti ya brashi 24 inauzwa, je nichukue hiyo?

asumini_wa_pemba

Pole sana mdogo wangu, mama yako hajakosea ila singo isubiri kwanza, nitakwambia kwa nini.

Liwa na singo watu wanavichanganya siku hizi, hata dukani unauziwa kopo la unga limeandikwa liwa kumbe unga wa dengu na manukato. Liwa yenyewe ni kipande cha mti unaonukia. Unakuwa na jiwe lako, unatia maji kidogo au marashi ya mawaridi, unasugua ule mti kwenye jiwe mpaka utoke uji mzito. Sie huku mtoto akitoka vipele vya joto anapakwa liwa, anatulia, kwa sababu inapoza. Ukienda Ngazija wanawake wanajipaka usoni mchana kweupe na wanatoka nayo njiani kukinga jua, wenyewe wanaita msindzano, wala hakuna anayewashangaa. Kwa hiyo liwa ni ya uso na ni ya kupoza, ukauke kidogo tu halafu unaosha kabla haijaanza kukuvuta ngozi.

Singo ni kitu kingine kabisa. Singo ni ya mwili na ni ya kusugua, bibi harusi anasingwa na somo wake, yaani kungwi wake, siku kadhaa kabla ya harusi. Kila nyumba ina mchanganyiko wake, kwetu tunatia asumini, mawaridi makavu, kilua, mrehani, dalia, liwa iliyosagwa na karafuu kidogo. Umesikia karafuu? Karafuu kali ile, ukiipaka kwenye uso uliochubuka utalia. Mpe singo mdogo wako yeye ndiye bibi harusi, na wewe singwa mikono na miguu na mgongo, utanukia nyumba nzima ijue umepita, lakini shingoni kwenda juu usiguse mpaka upone.

Na manjano kama utaambiwa uweke, weka mapema, usiweke wiki ya harusi. Inashika rangi kwenye kucha na kwenye kola ya nguo nyeupe, mie nishaona gauni limeharibika hivyo.

mfamasia_wa_moshi

Dada wa Tanga, mimi kazi yangu ni famasi, naomba nikuambie kilichokupata maana wengi wanadhani ni mzio au "uchafu unatoka". Krimu za kopo lisilo na lebo zinazofanya kazi ndani ya wiki mbili mara nyingi zina steroidi kali, klobetasoli au betamethasoni, na zingine zinaongezwa haidrokwinoni au zebaki za kuchubua rangi. Steroidi inabana mishipa midogo ya damu na kuzima uvimbe, ndiyo maana chunusi na wekundu vinatulia haraka na unaona uso umetakata. Lakini huku nyuma ngozi inazidi kuwa nyembamba. Siku ukiacha ile mishipa inafunguka yote, ndio huo moto na vipele vya kuzunguka mdomo unavyovieleza. Siyo kwamba uchafu unatoka, ni ngozi imezoea dawa na sasa imenyimwa. Inaweza kuchukua wiki nyingi, wengine miezi, na ndiyo kipindi ambacho watu wanashindwa wanarudi kwenye kopo. Usirudi tafadhali.

Kama lile kopo bado unalo hata tupu libebe uende nalo kwa daktari wa ngozi, anzia hospitali ya mkoa hapo Bombo uulizie. Kuna vidonge na dawa za kupaka ambazo daktari anaweza kukupa kwa hivyo vipele, mimi siwezi kukutajia dozi hapa. Na mtu mwingine anayesoma hii ambaye bado anapaka sasa hivi, na amepaka muda mrefu au mwili mzima, asikate ghafla peke yake, amwone daktari kwanza.

Sasa hicho unachofanya nyumbani. Acha limau leo. Ngozi ya uso ina asidi kidogo, kipimo chake cha pH ni kama 5, limau lipo kwenye 2, beking soda iko juu ya 8, sabuni ya mche inapita hata hapo. Yaani asubuhi unaiunguza kwa asidi, jumamosi unaiunguza kwa upande wa pili, na katikati unaikausha na sabuni ya kufulia. Halafu limau lina kitu kinachoitwa furokumarini, kikikutana na jua la Tanga kinaunguza ngozi na kuacha doa jeusi. Hayo madoa mapya unayosema yamezidi, naamini sehemu yake kubwa ni limau.

Mama_Junia

Samahani mfamasia, mimi bibi yangu alipaka limau na asali maisha yake yote na kafa na miaka 80 na kitu uso hauna hata kipele. Hivi vitu vya asili tumeanza kuviogopa lini? Mimi mwenyewe napaka na sijawahi kuungua.

mfamasia_wa_moshi

Mama Junia nakuheshimu, na bibi yako simkatai. Lakini bibi hakuwa amepaka steroidi miezi saba kabla ya hilo limau, ngozi yake ilikuwa nzima. Na muulize mama yako bibi alikuwa akipaka saa ngapi, wengi walipaka jioni wakaosha wakalala. Asali peke yake sina neno nayo, aipake tu. Hata upupu ni wa asili. Tuangalie kitu kinafanya nini kwenye ngozi ya huyu dada leo.

Dada, mimi ningekuwa wewe mwezi mzima ningebaki na vitu vitatu tu. Sabuni laini ya kuoshea uso isiyo na manukato, asubuhi maji matupu yanatosha. Ukimaliza kuosha usijifute ukakauka kabisa, uso ukiwa bado na unyevu paka mafuta ya mgando kidogo sana mashavuni. Yale ya kawaida tu ya kopo, yasiyo na harufu. Watu wanayadharau kwa sababu ni ya bei rahisi lakini yanazuia maji yasitoke kwenye ngozi na yenyewe hayazibi vinyweleo, wakati mafuta ya nazi kwa mtu wa chunusi yanaziba. Nazi ipeleke miguuni na kwenye nywele.

Cha tatu ni sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, na hapa wabongo tunakosea sana, tunasema sisi weusi hatuhitaji. Weusi wetu unasaidia ila haufiki hata SPF 15 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua), na doa la chunusi likipigwa jua linazidi kukolea. Chukua SPF 30 kwenda juu, kipimo ni mistari miwili ya urefu wa kidole, cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo, na ukishinda nje rudia kila baada ya saa mbili. Hapa Moshi, hospitali ya KCMC, wanatengeneza KiliSun, mafuta ya jua ya ndugu zetu wenye ualbino, hayo ni yao tuwaachie, ila yawafungue macho kwamba jua letu siyo la mchezo. Wewe dukani tafuta isiyoacha weupe. Zile za zinki nyingi zinatupaka kama unga, na nadhani hapo ndipo fondesheni yako inapoanzia kuwa majivu.

asumini_wa_pemba

Ahsante mfamasia, hapo kwenye nazi nimejifunza. Naongeza alovera, kama unayo uani usikate jani ukapaka hapo hapo. Lisimamishe kwenye kikombe mkato uwe chini, acha ile maji ya njano ichuruzike yote, hiyo ndiyo shubiri yenyewe tunayopaka kwenye chuchu mtoto aache ziwa, inawasha. Osha, menya, tumia ule ute mweupe wa ndani tu. Na kitu chochote kipya, hata liwa, paka nyuma ya sikio ulale nayo kabla hujapeleka usoni.

brashi_na_poda

Niko Nairobi, napaka maharusi mekapu tangu 2016, wacha nijibu upande wangu.

Hiyo rangi ya majivu haitoki kwa sanskrini peke yake. Unachagua weusi wako vizuri lakini unakosa rangi ya chini ya ngozi. Watu wawili wanaweza kuwa weusi sawa kabisa, mmoja chini ana wekundu mwingine ana umanjano, ukimpaka wa umanjano fondesheni yenye upinki anageuka jivu mara moja. Kwa fondesheni za kampuni ya MAC kwa mfano utaona NC na NW, NC ni ya wenye umanjano na NW ni ya wenye upinki na wekundu, watu wanaona 45 na 45 wanadhani ni kitu kimoja. Kampuni ya Fenty ilipotoka 2017 na fondesheni za rangi 40 ndipo kampuni nyingi zikaanza kutukumbuka sisi weusi kabisa, kabla ya hapo mimi nilikuwa nachanganya chupa tatu kwa bibi harusi mmoja.

Usijaribu kwa mgongo wa mkono, mkono hauna rangi ya uso. Weka mistari mitatu kwa taya, ikishuka shingoni, kisha toka nje ya duka usimame kwa mwanga wa jua na kioo chako, zile taa za dukani zinadanganya. Halafu usinunue bado! Zunguka dakika kumi na tano urudi uangalie, kwa sababu fondesheni nyingi hukolea zikikaa kwa ngozi yenye mafuta. Mstari ambao hauonekani ndio wako. Na angalia mapema mwezi huo huo wa harusi, maana uso ukipona rangi yako itakuwa tofauti na ya sasa.

Seti ya brashi 24 achana nayo. Utatumia tatu na sponji. Nunua sponji moja nzuri, brashi kubwa ya poda, moja ndogo ya konsila ya kufichia madoa, na moja nyembamba iliyokatwa mshazari ya nyusi. Sponji lazima uloweshe maji uikamue kwa taulo mpaka ibaki na unyevu tu, ikiwa kavu inakunywa fondesheni yako yote, na unabonyeza bonyeza, usiburute, kuburuta ndiko kunainua yale magamba ya mashavu makavu. Badilisha sponji kila miezi mitatu. Brashi osha kila wiki na shampuu ya mtoto, nywele zikiangalia chini, na uzilaze kwa taulo zikauke, ukizisimamisha zikiwa na maji yanaingia pale kwa chuma gundi inalegea na brashi inaanza kunyonyoka kwa uso wa mtu. Mpambaji akikuja na brashi chafu siku ya harusi, mwambie aoshe, usione haya, hasa wewe na huo uso.

Kwa sasa usipake fondesheni kabisa. Nyusi, maskara, lipstiki nyekundu ya kahawia, unatosha. Wanja tumia wa penseli wako peke yako, ule wa manga wa kusagwa mwingine una madini ya risasi ndani.

Binti_Chumbageni

Jamani nimelia kidogo nikisoma, ahsanteni sana. Limau nimeshalitoa, leo nimeosha na maji matupu na kupaka mgando na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita uso haujavuta. Kopo nimelipata chini ya kitanda, jumatatu naenda nalo Bombo. Dada asumini, mama kafurahi kusikia ya jiwe, anasema la bibi lipo Pangani kwa shangazi, limewekewa mlango wa jikoni usijifunge. Tunalifuata jumamosi. Ila mti wa liwa wenyewe hapa Tanga naupata wapi, na nitaujuaje kama ndio wenyewe?

asumini_wa_pemba

Nenda sokoni kwa wauza ubani na udi, usiende duka la vipodozi. Mwambie akate kipande mbele yako, ukisugue na mate kidogo kidoleni, harufu itoke kwenye mti wenyewe ikiloa. Kama unanukia ukiwa mkavu tokea mbali, huo umepuliziwa, uache.