Nina safari moja tu ya kutazama mbio za farasi: niende wapi?

Kibindo
Wakuu habari zenu. Nimedunduliza miaka mitatu na safari ni moja. Nataka kuona mbio za farasi kwa macho yangu, za kwenye simu nimechoka nazo. Nimechuja zimebaki tatu: Palio ya Siena kule Italia, Grand National ya Aintree kule Uingereza na Kentucky Derby ya Marekani. Ipi? Tiketi nakata wiki hii.

Kwato_Nne
Mkuu, umeuliza kama anayeuliza "ninunue gari gani". Likizo yako mwezi gani? Derby ni Jumamosi ya kwanza ya Mei, Grand National ni Aprili, Palio ni Julai 2 na Agosti 16, basi. Uko peke yako? Unabeti? Funguka.

MamaHatamu
Tukiwa tunamsubiri: Aintree, bila mjadala. Karibu kilomita 7, farasi 34 (hadi 2023 nafasi zilikuwa 40), viunzi vinarukwa mara 30. Derby ni kilomita 2, dakika 2 na sekunde chache. Ukiinama kufunga kamba za kiatu imekupita. Aintree unashangilia, unakata tamaa, unashangilia tena. 2021 Rachael Blackmore alipovuka mstari juu ya Minella Times, mwanamke wa kwanza kushinda pale, nilimwaga chai yote mapajani.

Kwato_Nne
Chai? Kumbe ulikuwa mbele ya tivii.

MamaHatamu
Mwaka ule watazamaji walizuiwa kwa sababu ya korona. Wewe ulikuwa wapi, mgongoni kwa farasi?

Pangu_Pakavu
Palio nimefika, nisikilizeni. Katikati ya Piazza del Campo kusimama ni bure, na hapo ndipo nilipoingia mkenge. Niliingia saa nane mchana nipate nafasi karibu na uzio. Jua la Agosti, kivuli hakuna, choo sikukiona, na kwa umati ule kutoka ni ndoto. Kwa woga wa jua nilikuwa nimebugia lita nzima ya maji. Kufika saa kumi na moja nasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Likapita gwaride la mavazi ya kale, halina mwisho. Ndipo wakaja kupangana kwenye kamba. Kila farasi anawakilisha mtaa mmoja wa mji. Farasi tisa wanapangwa, wa kumi anabaki nyuma, na mbio hazianzi mpaka yeye aamue kuingia. Naye anavizia mpaka adui wa mtaa wake akae vibaya! Wapanda farasi wananong'onezana palepale, wanaahidiana pesa, na inaruhusiwa. Wakapangwa, wakavurugika, wakatolewa. Tena. Na tena. Jua linazama. Kamba ilipodondoka kweli, jamaa wa mbele yangu akambeba mwanawe mabegani. Nikaona mgongo wa mtoto, vumbi, na kofia moja ya kijani. Raundi tatu, kama dakika moja na nusu. Nikasikia watu wazima wanalia. Sikujua kashinda nani.

Kwato_Nne
😂😂 Kashinda farasi. Pale wanapanda bila tandiko, na farasi akimwangusha mtu wake akafika wa kwanza peke yake, mtaa umeshinda.

Telki
Mnaisahau Vincennes, Paris. Prix d'Amérique, mwisho wa Januari, mita 2,700. Farasi anavuta kigari cha magurudumu mawili, na akichanganya miguu akaenda shoti, anaondolewa. Ufundi wote uko kwenye kumzuia mnyama asifanye anachokitamani.

Kwato_Nne
Farasi anayekatazwa kukimbia. Hizo ni mbio au mtihani wa udereva?

Telki
Mwendo wenyewe kwa Kiswahili unaitwa matiti. Kwa hiyo ni mbio za matiti.

Kwato_Nne
Andika hivyohivyo kwenye fomu ya likizo, utuletee mrejesho.

MamaHatamu
Mwanangu, huo ni mwendo wa telki, na jina umejipa mwenyewe.

Telki
Shikamoo mama. Telki ni ya punda.

Kibindo
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Likizo ni Oktoba. Naenda na mke wangu, hataki kabisa kuona farasi akianguka. Kubeti hatubeti.

MamaHatamu
Oktoba! Zote tatu zitakuwa zimeshapita, baba. Na Aintree na huyo mkeo haviendani.

Kwato_Nne
Nilisema afunguke. Jumapili ya kwanza ya Oktoba kuna Prix de l'Arc de Triomphe, Longchamp, Paris. Mita 2,400 kwenye nyasi, viunzi hakuna.

Telki
Au Obihiro, Japani, mbio za Ban'ei. Mita 200 tu, vilima viwili vya mchanga. Farasi wa kama tani moja anaburuta sleji ya chuma (kama kigari kisicho na magurudumu), mtu amesimama juu yake. Kabla ya kilima cha pili wote wanasimama, wanahema, mvuke unatoka puani, hakuna anayesogea. Pua kufika haitoshi. Mpaka mwisho wa sleji uvuke mstari. Unatembea nao sambamba pembeni, unaona misuli ya mapaja inavyotetemeka.

Kibindo
Mke wangu anauliza kama wanachapwa.

Pangu_Pakavu
Mimi nauliza choo.

MamaHatamu
Telki usilale, naenda kutafuta kamusi.