Vita vya Mdachi pale Nyangao vilipiganwa mwaka gani?

MjukuuWaBondeni

Habari zenu ndugu zangu wa Kusini, na wakubwa wote shikamooni.

Bibi yetu mzaa mama alifariki mwezi uliopita akiwa anakaribia miaka 92, na ndugu wamenikabidhi kazi ya kuandika historia fupi ya ukoo itakayosomwa siku ya arobaini. Sisi ni Wamwera wa Nyangao, katika bonde la Mto Lukuledi, na karibu yote niliyo nayo ni masimulizi ya bibi mwenyewe.

Alikuwa na visa vitatu alivyovirudia kila tulipokaa naye kubangua korosho. Cha kwanza ni cha babu yake, aliyejificha kwenye matete ya mtoni usiku misheni ilipoungua. Cha pili ni cha baba yake, aliyekamatwa akiwa kijana, akabebeshwa sanduku la risasi, na huko njiani akawaona askari weusi walioswali kama Waislamu wa pwani, ila lugha yao haikuwa Kiswahili, wala Kimwera, wala Kiyao. Cha tatu ni chake mwenyewe: kwamba alipokuwa msichana alilisikia gari moshi likilia bondeni.

Tatizo langu ni kwamba visa viwili vya mwanzo bibi aliviita kwa jina moja, "vita vya Mdachi", yaani vya Mjerumani, na mjomba anashikilia kwamba ni vita vimoja, yaani Maji Maji. Hicho cha gari moshi vijana wa nyumbani wanakicheka, kwa kuwa ukisafiri leo kutoka Lindi hadi Masasi huoni reli hata hatua moja. Sitaki kusoma uongo mbele ya ukoo, wala sitaki kumkosea bibi kwa kufuta jambo la kweli. Naomba msaada wenu.

Mwalimu Mstaafu, Mtama

Marahaba mjukuu wangu, na poleni sana kwa msiba.

Bibi yako hakukosea. Mdachi alipigana mara mbili katika ardhi hiyo, na kati ya vita vya kwanza na vya pili ilipita miaka 12 tu, ndiyo maana jina moja lilibeba yote. Wewe tenganisha kwa dalili zilizomo ndani ya masimulizi yenyewe.

Misheni iliyoungua ni ya mwaka 1905. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata. Maji Maji yalipoanza katika vilima vya Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, hayakuchukua hata mwezi kufika kwenu. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake karibu na Liwale, na mwishoni mwa mwezi huohuo Wamwera, ambao miongoni mwa viongozi wao alikuwamo Selemani Mamba, wakazishambulia misheni za Nyangao na Lukuledi. Nyangao ilichomwa, na mtawa mmoja, Sista Walburga Diepolder, akapoteza maisha. Kwa hiyo babu yake bibi, aliyekuwa kwenye matete, alikuwa anautazama usiku wa Agosti 1905. Andika hivyo bila wasiwasi, lakini usiandike kwamba alikuwa upande wa misheni au upande wa wapiganaji kama bibi hakusema. Katika bonde hili wapo waliokuwa na ndugu pande zote mbili, na hilo ni jambo la kuheshimu.

Wale askari waliokuwa wakiswali ndio ufunguo wa kisa cha pili. Mwaka 1905 hawakuwapo. Hao ni Brigedi ya Nigeria, iliyoletwa na Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na wengi wao walikuwa wasemaji wa Kihausa na Waislamu. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 walipigana Mahiwa, hapo jirani yenu kabisa. Wanigeria walizingirwa kwenye mahandaki yao, huku kikosi kingine cha Waingereza kikijaribu kupenya kutokea Nyangao ili kuwafikia. Mjerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu wapatao 1,500, na Mwingereza alikuwa na karibu 5,000, ambao zaidi ya nusu waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Hata hivyo Wajerumani nao walimaliza karibu risasi zao zote zisizotoa moshi, wakalazimika kurudi nyuma, na mwishoni mwa Novemba wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Jambo moja tu nakusihi uulize nyumbani: baba yake bibi alikamatwa na nani? Mjukuu wangu, majeshi yote mawili yalikamata wapagazi. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi wa Mwingereza. Mpagazi hakuwa na bunduki, alikula kidogo kuliko askari, na wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Wanaume wa umri wake ambao hawakurudi ni wengi, na mnara wenye majina yao hakuna.

UfutaNaKorosho

Vijana wa nyumbani waache kucheka. Reli ilikuwepo.

Baada ya Vita vya Pili Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga mwaka 1947, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake. Ikajengwa reli kutoka gati la Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, kupanda hadi Nachingwea, na baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Karanga zenyewe zilishindikana, mpango ukavunjwa mwaka 1951, na reli ikabaki bila mzigo wa kutosha. Ilifungwa mwaka 1962, kisha vyuma vikang'olewa. Kama bibi alikaribia miaka 92, basi gari moshi lilimkuta akiwa msichana wa miaka kumi na kitu, sawasawa na alivyosema.

Shule niliyosoma mimi ilikuwa na kengele ya kipande cha reli, kimetundikwa kwenye mwembe kwa mnyororo, na kiranja alikigonga kwa nati kubwa ya taruma. Tulikisikia kila siku kwa miaka saba na hakuna aliyewahi kutuambia kilitoka wapi.

Binti wa Masasi

Naongeza dogo. Wazee wetu hawahesabu miaka, wanahesabu jando. Muulize mjomba baba yake bibi aliingia jando na akina nani, utapata umri wake wa mwaka 1917 bila kubahatisha.

MjukuuWaBondeni

Nawashukuru sana, na Mwalimu nakushukuru kipekee. Nimempigia mjomba jioni hii. Alinyamaza kwanza, kisha akasema kwamba baba yake bibi alikamatwa mara mbili: kwanza na Mdachi, akatoroka usiku karibu na Ndanda, halafu akiwa njiani kurudi nyumbani akakamatwa na Mwingereza. Wale Wahausa aliwaona akiwa kwa Mwingereza. Kuhusu jando, alikuwa ametoka karibuni tu, hajaoa.

Nimeandika upya ukurasa wote. Jumamosi mjomba atanipeleka shambani kwa marehemu kaka yake, ambako anasema kuna tuta refu lililonyooka ambalo hakuna mkorosho uliowahi kushika mizizi juu yake, na chini ya majani ni kokoto tupu.