Mtoto anayejifunza Kiingereza hukubaliwaje kupata elimu maalumu katika shule za umma za Marekani?

Mama Furaha

Ndugu zangu, habari za leo. Tulifika Marekani tukitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka 8 yuko darasa la pili katika shule ya umma. Kusoma kunamshinda, na hata nyumbani, tunapozungumza Kiswahili, hawezi kufuata maagizo mawili yanayotolewa kwa pamoja, ilhali wadogo zake wanayafuata bila taabu. Daktari ametuandikia barua kwamba ana tatizo la kutotulia na kukosa umakini. Shule inasema barua hiyo haitoshi, na kwamba ni vyema tusubiri kwanza Kiingereza chake kikomae. Naomba kuelewa: ni vigezo gani humfanya mtoto akubaliwe kupata elimu maalumu, na je, ni lazima tusubiri?

Baba Imani

Mama Furaha, pole kwa mahangaiko. Kuhusu barua ya daktari, shule imesema kweli. Kuhusu kusubiri, sikubaliani nayo hata kidogo. Sheria ya shirikisho ya elimu ya watu wenye ulemavu, inayojulikana kwa kifupi kama IDEA na ambayo chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1975, inataka mambo mawili yathibitike kwa pamoja. Kwanza, mtoto awe na ulemavu unaoingia katika mojawapo ya makundi 13, yakiwamo usonji, uziwi, ulemavu wa akili, kasoro za usemi au lugha, na ugumu mahususi wa kujifunza. Tatizo la umakini kwa kawaida huwekwa katika kundi la matatizo mengine ya kiafya. Pili, ulemavu huo uwe unaathiri masomo yake kiasi kwamba anahitaji kufundishwa kwa namna iliyoandaliwa kwa ajili yake. Daktari anaweza kusaidia kuthibitisha lile la kwanza, ila uamuzi hufanywa na jopo la wataalamu pamoja na mzazi, baada ya tathmini kamili.

Andika barua ya kuomba tathmini ya elimu maalumu, weka tarehe, na ubaki na nakala. Shule ikikataa, inalazimika kukueleza sababu kwa maandishi. Ikikubali, utatia saini ya ridhaa, na tangu ridhaa hiyo ipokewe tathmini inapaswa kukamilika ndani ya siku 60, isipokuwa kama jimbo lenu limejiwekea muda wake.

Mwalimu Zawadi

Mimi hufundisha elimu maalumu, na ningependa kuongeza kuhusu lugha, kwa maana hapo ndipo watoto wetu wengi wanapokosa haki. Sheria inakataza kuamua kwamba mtoto ana ulemavu ikiwa sababu kuu ya kubaki nyuma ni kutojua Kiingereza vya kutosha, au kutofundishwa kusoma ipasavyo, jambo linalowagusa sana watoto ambao masomo yao yalikatizwa na ukimbizi. Lakini sheria hiyo hiyo inataka mtoto apimwe kwa lugha yake, isipokuwa pale ambapo ni dhahiri haiwezekani. Kwa hiyo kungoja Kiingereza kikomae si sharti la kisheria.

Dada, ulilolisema kuhusu maagizo ya Kiswahili ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote. Mtoto ambaye shida yake ni ugeni wa Kiingereza peke yake hatarajiwi kukwama katika lugha aliyokua nayo. Liandike katika barua yako, pamoja na umri alioanza kuzungumza na magonjwa makubwa aliyougua, na uombe masikio na macho yake yapimwe pia. Jaribio lililotungwa kwa watoto waliokua na Kiingereza, likitafsiriwa papo hapo, halitoi alama za kuaminika. Waombe wataalamu waeleze katika ripoti yao jinsi walivyolishughulikia hilo. Na tafadhali, asitumwe ndugu yake mkubwa kukutafsiria kikaoni. Kukupatia mkalimani ni wajibu wa shule.

Mama Furaha

Nawashukuru sana. Baba yake anahofia kwamba nikishatia saini, mtoto atahamishiwa darasa la pekee na hatutakuwa na njia ya kurudi nyuma. Tena, gharama ni za nani?

Baba Imani

Tathmini ni bure, na huduma ni bure. Mweleze baba yake kwamba saini ya tathmini si saini ya huduma: bila ridhaa yenu ya pili huduma hazianzi, na hata zikishaanza mnaweza kuzisitisha kwa maandishi. Isitoshe, sheria inataka mtoto asome pamoja na wenzake kadiri inavyofaa, na wengi husaidiwa bila kuhama darasa lao la kawaida.

Akikubaliwa, kikao cha kuandika mpango wake binafsi wa elimu, yaani IEP, kifanyike ndani ya siku 30. Asipokubaliwa, nanyi hamkuridhika na tathmini, ombeni tathmini huru kwa gharama ya wilaya ya shule, ambayo italazimika ama kuilipia au kuitetea tathmini yake mbele ya msikilizaji wa shauri, yaani afisa asiyeegemea upande wowote anayeamua mgogoro kati ya mzazi na shule. Ulizieni vilevile kifungu cha 504 cha sheria ya shirikisho ya mwaka 1973, kinachokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu na ambacho kinaweza kumpatia muda wa ziada katika mitihani au kiti karibu na mwalimu, hata ikiwa hahitaji mafundisho maalumu.