Kanga za Bibi

*Kikundi: Ukoo wa Ngamiani, Tanga*

Shangazi: Asalaam aleikum wanangu. Leo tumefungua kasha la Bibi. Nguo nyingine zimeshatolewa sadaka, zimebaki kanga. Natuma picha.

Zuhura (Dar): Waaleikum salaam, shikamoo Shangazi. Harufu ya karafuu naisikia mpaka huku 😭

Salma (Muscat): Shikamoo Shangazi. Tuzikate basi tushone foronya, kila nyumba ipate.

Shangazi: Marahaba. Mkasi hapana, mwanangu. Ukikata, jina limekwenda. Kanga bila jina si kanga.

Baba Mdogo: Kweli kabisa. Lakini kuzirudisha kashani nako sikubali, zitaliwa na wadudu. Zivaliwe!

Zuhura: Hiyo nyekundu, nyeusi na nyeupe ni kisutu?

Shangazi: Ndiyo, cha harusi yake. Ukiangalia karibu na pindo utaona doa la hina. Hilo la siku ileile, asilisugue mtu.

Zuhura: Basi Mwana akivae Desemba siku ya nikaha, kisha kirudi kwako.

Shangazi: Hilo kwa moyo mweupe.

Mwana: Asante Shangazi wangu. Nimelia hapa kazini, wallahi.

Baba Mdogo: Na ile ya bluu ni ya Urafiki. Kiwanda kilifunguliwa 1968, mimi nikazaliwa miaka mitatu baadaye. Mbeleko yangu hiyo!

Zuhura: Nimbebee mwanangu?

Shangazi: Imechakaa mno, mgongoni itachanika. Hiyo ndiyo ya kutia kwenye fremu. Ikunjwe jina na pindo vionekane, ishikizwe kwa sindano na uzi juu ya kitambaa cheupe cha pamba. Gundi isiguse, hubabua nguo. Na kioo kisiilalie, unyevu wa huku pwani utaiotesha ukungu.

Baba Mdogo: Fundi fremu ninaye. Nyuma yake tubandike karatasi: ya nani, alibebwa nani. Watoto wetu wakiuliza wasibabaike.

Salma: Na sisi wa mbali?

Shangazi: Ipo doti moja haijakatwa tangu dukani. "Nani kama mama", jina limeandikwa vipande vyote viwili. Hiyo nitaikata mwenyewe katikati na kuipinda kwa mkono. Kimoja chako, kimoja cha Zuhura. Na mjifunge! Sitaki kusikia kimewekwa kabatini.

Salma: 😭😭 Nitajifunga Idi, Shangazi. Naomba msikifue kabla.

Shangazi: Hatukifui. Ukikifua wewe, maji baridi, peke yake, na uanike kivulini. Kanga mpya huchuja rangi.

Zuhura: Fremu tuitundike wapi?

Shangazi: Ukumbini, ukuta wa mlangoni. Ule unaotazama dirisha unapigwa na jua, rangi itapauka. Baba Mdogo, Jumamosi njoo na fundi wako apime, mchana mtakula hapa.

Baba Mdogo: Inshallah. Kuna samaki wa nazi?

Shangazi: Lete nazi.