Naomba ushauri: vitabu vya zawadi kwenye harusi ya mdogo wangu, kila mtu na kitabu chake

Binti wa Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi wa 12 mdogo wetu wa mwisho anaolewa. Harusi ni Tanga, na ukoo karibu wote utakuwepo, hata wale tuliopoteana nao miaka mingi. Safari hii sitaki kubeba vitenge wala seti za vikombe. Nataka watu wangu wa karibu kila mmoja nimpe kitabu cha Kiswahili, na kiwe kitabu atakachokifungua, siyo cha kupanga kabatini juu ya luninga.

Nawaeleza ni akina nani. Baba ana miaka 78, alifanya kazi bandarini Tanga tangu ujana hadi kustaafu. Redio haimbanduki, ila macho yamechoka. Mama mdogo anatoka Muscat. Alizaliwa Unguja, na mwaka 1964 babu aliondoka naye akiwa mtoto, mama yetu akabaki huku. Taarab ndiyo maisha yake. Kijana wa kaka yangu kamaliza kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na anasema riwaya hataki tena hata kuisikia. Binti wa dada yangu yuko darasa la pili, bado anasoma kwa kufuatisha kidole. Halafu kuna maharusi wenyewe: mdogo wangu anasoma vitabu vya mapenzi usiku kucha, na mumewe ni Mkenya wa Nairobi, msomaji mzuri lakini wa vitabu vya Kiingereza.

Mngenishauri nini? Nipo Dar, naweza kuzunguka madukani.

Mzee wa Samora

Binti yangu, hongera kwa wazo hilo. La baba yako ni jepesi: mtafutie *Kuli* ya Adam Shafi. Ni riwaya ya mwaka 1979 kuhusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar wakati wa Mwingereza, inayokwenda mpaka kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Mtu aliyeshinda gatini maisha yake yote hatahitaji kuelezwa uzito wa gunia wala kauli za msimamizi. Atakuwa anasahihisha mambo kila ukurasa, na hapo ndipo atakuambia hadithi ambazo hujawahi kuzisikia.

Dira ya Mafanikio

Mimi nina mawazo tofauti. Kijana aliyemaliza kidato cha sita mpe kitabu cha kujitambua na kupanga fedha. Bibi harusi mpe cha malezi ya ndoa. Hadithi zinapita, maarifa yanabaki.

Mwalimu wa Fasihi

Dira, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe. Zawadi ya namna hiyo inamwambia mpokeaji kwamba umemkagua ukamkuta na upungufu. Kijana akipewa kitabu cha kupanga fedha na shangazi yake mbele ya watu, anasikia "wewe mfujaji". Mwenye kiu ya vitabu hivyo atavinunua mwenyewe.

Mimi nafundisha masomo hayo hayo ya HKL, kwa hiyo namfahamu kijana huyo bila kumuona. Hachukii riwaya. Amechoshwa na kusaka dhamira, wahusika na mandhari ili ajibu swali la mtihani. Kwa miaka miwili kila kitabu alichokishika kilikuwa na swali nyuma yake. Usimpe chochote kilichowahi kuwa kwenye orodha ya kidato cha tano na sita, hata kiwe kizuri namna gani. *Vuta N'kuvute*, riwaya ya Adam Shafi, naipenda mno, lakini kwake bado ina harufu ya chumba cha mtihani.

Mpe upelelezi. Anza na *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960. Mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, mauaji Unguja, na mwandishi anayekuchezea mpaka mwisho. Akitaka kasi zaidi, kuna Willy Gamba wa Elvis Musiba katika *Kufa na Kupona*, au Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hivi ni vitabu ambavyo baba zetu walikuwa wakiazimana hadi jalada linang'oka. Atasoma kwa sababu anataka kujua nani kaua, basi.

Pwani ya Forodhani

Assalaam aleykum dada. Nakuja kwa mama mdogo, maana hapo pana jambo ambalo wengi hawalioni.

Ukienda dukani ukasema unataka riwaya ya Zanzibar ya zamani, muuzaji anaweza kukupa *Kasri ya Mwinyi Fuad*. Ni kazi kubwa, sina neno nayo. Lakini inahusu mwenye mashamba mkatili na watumishi wake, na inafika kwenye Mapinduzi yenyewe. Mama huyo alitolewa kwao mwaka 1964 akiwa mtoto, na hujui nyumbani kwao Muscat jambo hilo linazungumzwaje au halizungumzwi kabisa. Kumfungulia habari ile siku ya harusi, kwa kitabu, mbele ya wageni, si zawadi. Akitaka kuisoma ataisoma kwa wakati wake.

Umesema anapenda taarab. Mtafutie *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert. Siti alitoka Fumba, akaingia mjini akiwa masikini, akawa sauti ya Unguja nzima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Kitabu ni chembamba, kinaingia kwenye mkoba wa ndege. Na mama mdogo atakuwa anazijua nyimbo, kwa hiyo atakisoma huku akiimba. Halafu Shaaban Robert ni mtoto wa Tanga, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909. Amenunuliwa kitabu cha Unguja yake kilichoandikwa na mtu wa Tanga yenu. Mwandikie hivyo ukurasa wa mbele.

Binti wa Chumbageni (mleta uzi)

Pwani, umenitoa machozi. Hilo la *Kasri* nisingelifikiria kabisa, na kweli nilikuwa nimeliweka kwenye orodha. Ahsante sana.

Mzee wa Samora, *Kuli* nimeipokea kwa mikono miwili. Ila nirudie suala la macho. Baba akishika gazeti analisogeza mpaka mwisho wa mkono. Nifanyeje?

Mama Wawili

Dada, unganisha baba na yule wa darasa la pili. Sisi nyumbani babu yetu hasomi, anasomewa. Mjukuu anasoma kurasa chache jioni, babu anasahihisha matamshi, na ugomvi wa nani akae na babu umekuwa mkubwa. Ila kwa mtoto wa darasa la pili *Kuli* bado nzito na ina mambo ya wakubwa, kwa hiyo hiyo asomewe na mtu mzima au yule wa kidato cha sita. Kwa mtoto na babu nunua *Hekaya za Abunuwasi*. Ni visa vifupi, kimoja kinaisha kabla usingizi haujamchukua yeyote kati yao, na babu anavijua tayari kwa hiyo hapitwi hata mtoto akiruka mstari.

Zaidi ya hicho, mtoto apate chake mwenyewe chenye picha. Hapo sitakutajia jina, kwa sababu ninachoangalia ni ndani. Fungua katikati, mwambie akusomee ukurasa mmoja. Akikwama kila mstari, kirudishe. Akipita bila kusimama hata mara moja, nacho ni kidogo kwake. Angalia picha pia: watoto wanatambua haraka mchoraji asiyejua ng'ombe wetu wanavyofanana. Na tafadhali usimnunulie kitabu cha mazoezi chenye nafasi za kujaza majibu. Kile ni kazi ya shule iliyofungwa kwa karatasi ya zawadi.

Msomaji wa Nakuru

Hamjambo nyote. Nimesoma uzi huu kutoka Kenya na siwezi kupita bila kusema kuhusu maharusi.

Huyo shemeji wa Nairobi, kama amesomea huku kwetu, huenda akawa amekutana na Ken Walibora katika shule ya upili. Kuna *Siku Njema*, riwaya yake ya mwaka 1996. Kongowea Mswahili analelewa Tanga, mama yake ni mwimbaji, kisha anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba yake. Tanga na Kenya ndani ya kitabu kimoja! Mpe bibi harusi, siyo bwana. Akikisoma yeye, mumewe ataanza kumweleza sehemu za Kenya na yeye atamweleza za Tanga.

Bwana mwenyewe mpe *Peponi*. Ni *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, na tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilitoka mwaka 2022. Msomaji wa Kiingereza huenda analijua jina hilo tayari. Habari zenyewe ni za pwani na misafara ya bara, na mazungumzo yake yanasikika vizuri zaidi kwa Kiswahili. Hutakuwa unamlazimisha aache lugha aliyoizoea, unampa njia ya kuingilia.

Dira ya Mafanikio

Nimewasikia, na la kijana nakubali. Kwa bibi harusi lakini, mbona hakuna aliyetaja *Utenzi wa Mwana Kupona*? Ni wosia wa mama kwa binti yake, urithi wetu wenyewe, wala si kitabu cha kigeni.

Pwani ya Forodhani

Ni johari hiyo, tangu 1858, Mwana Kupona akimuusia bintiye Mwana Hashima. Lakini fikiria nani anatoa. Ule ni wosia wa kumtii mume, umetoka kwa mama anayeumwa kwenda kwa mwanawe. Dada mtu akiutoa siku ya harusi unageuka amri. Na lugha yake ni ya kale ya Lamu. Bila toleo lenye maelezo, mtu wa leo atakwama beti za mwanzo. Kama mama yao yupo, ningesema autoe yeye.

Mwalimu wa Fasihi

Naunga mkono. Bibi harusi anapenda mapenzi, apewe mapenzi. Yeye hakusoma *Vuta N'kuvute* kwa mtihani, au siyo? Basi mwongezee hiyo. Yasmin na Denge watamkeshesha.

Mzee wa Samora

Nimalizie la macho, binti yangu. *Kuli* ikipatikana kwa herufi ndogo, usiiache kwa sababu hiyo. Mpeleke mzee kupimwa macho kabla ya harusi, miwani iwe sehemu ya zawadi. Na vitabu hivi usivinunue bila kupekua ukurasa kwa ukurasa. Siku hizi kuna nakala za kurudufu mitaani, unafika katikati unakuta kurasa zimerukwa au zimebandikwa kichwa chini. Upelelezi ukikosa kurasa za mwisho umemtesa kijana wa watu.

Vipya anzia duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) hapo barabara ya Samora. *Vuta N'kuvute* na *Peponi* waulizie Mkuki na Nyota, ndio wachapishaji. Musiba na Mtobwa wa zamani itabidi uwaachie oda wauza vitabu vilivyotumika, nao watakupigia wakipata, kwa hiyo anza mapema, usingoje Desemba.

Binti wa Chumbageni (mleta uzi)

Jumamosi naanzia Samora. Miwani ya baba nimeshamwandikia kaka ampeleke hospitali ya Bombo wiki hii. Kwa mama mdogo nitafuata neno kwa neno.

Swali moja tu limebaki: kuna mjomba nilimsahau, hasomi hadithi lakini anatunga mashairi na kuyatuma redioni.

Mwalimu wa Fasihi

*Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, Sheikh Kaluta Amri Abedi, 1954. Ila uliza kwanza, mtunzi wa umri wake anaweza kuwa nacho tayari. Akiwa nacho, mpe daftari zuri lenye jalada gumu.