Tupeane uzoefu: matunzo ya mtoto na kumwona mtoto, mliopita ustawi wa jamii na mahakamani hapa Dar

Fundi wa Rangi Tatu

Habari za jioni ndugu zangu. Naleta mada hii kwa sababu mwaka 2021 nilipoihitaji sikuwa na wa kumuuliza. Niliambulia maneno ya saluni. Mmoja ananiambia mwanamke asiye na cheti cha ndoa hana kesi, mwingine ananiambia mpeleke mtoto kwa bibi yake mzaa baba, watajua wenyewe. Yote mawili hayakunisaidia, na la kwanza ni uongo.

Mimi ni fundi cherehani Mbagala. Mzazi mwenzangu ni dereva wa malori ya Tunduma. Hatukufunga ndoa. Tulipoachana binti yetu alikuwa na miaka mitano. Miezi ya mwanzo baba yake alikuwa anatuma, mara elfu hamsini, mara elfu thelathini, kisha akakata. Nikimpigia gari limeharibika, nikimpigia tena yuko mpakani hakuna mtandao. Na mimi nikafanya langu: nikamnyima mtoto. Akifika Dar Jumamosi anapiga simu, namwambia mtoto yuko kwa shangazi yake Kigamboni. Nalisema wazi kwa sababu lilikuja kunirudia.

Nilianza serikali ya mtaa, wakaniandikia barua ya kwenda kwa ofisa ustawi wa jamii. Ustawi akamwita kwa maandishi. Wito wa kwanza hakuja, wa pili akaja. Tukakubaliana elfu themanini kwa mwezi, tukasaini. Alilipa miezi miwili tu. Ndipo nikaelekezwa mahakamani, maombi ya matunzo chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hakuna aliyeniuliza cheti cha ndoa. Sheria ile inamtafuta mzazi, haiulizi kama alioa.

Kilichonibeba ni kaunta buku. Dada mmoja pale ustawi aliniambia siku ya kwanza, andika kila kitu. Nikaandika tarehe, kitu, bei: uji wa shule, viatu vyeusi, dawa ya kifua, bajaji ya usiku kwenda zahanati, kalamu za rangi. Chumba kilikuwa kidogo, hakuna watazamaji, maana mashauri ya watoto husikilizwa faragha. Hakimu alilichukua daftari akawa anapekua taratibu, anaweka kidole kwenye mstari, anamuuliza baba mtoto: hiki unakipinga? Na hiki? Kurasa zaidi ya kumi. Alipinga kalamu za rangi peke yake.

Akaulizwa kwa nini aliacha kutuma. Akajibu, "Mtoto simwoni, namtumia nani?" Mimi nikadakia, "Hela hatoi, amwone kwa lipi?" Hakimu akatunyamazisha wote wawili. Akasema hapa kuna haki mbili, ya kutunzwa na ya kuwa na wazazi wake wote, na zote mbili mwenye nazo ni mtoto ambaye hayupo chumbani. Nyinyi mnashikiliana mali isiyo yenu.

Nilitoka na amri ya laki moja kwa mwezi, kwa simu, kabla ya tarehe 5, na nusu ya gharama za shule. Na amri nyingine ambayo sikuiomba: kila baba akiwa Dar, mtoto anashinda naye Jumamosi. Hiyo ya pili niliondoka nayo nimenuna njia nzima mpaka Mbagala. Leo ninavyoona, ndiyo iliyoifanya ile ya kwanza ilipwe.

Karibuni, kila mmoja na lake. Kina baba nao waseme, tafadhali. Naomba tusitaje majina ya watu wala ofisi zilizotukwaza.

Baba Wawili, Gongo la Mboto

Asante dada kwa kusema na lako. Mimi nilikuwa na ndoa ya kanisani, tukaachana 2022. Wenye ndoa wanaotaka talaka wajue kuna hatua ya baraza la usuluhishi. Sisi tulikaa baraza la kanisani vikao vitatu, wakashindwa kutupatanisha, wakatupa fomu namba 3 inayothibitisha hivyo, hiyo ndiyo ya kwenda nayo mahakamani. Rafiki yangu aliruka hatua hiyo, shauri lake likaondolewa akaanza moja. Sisi tulisikilizwa Temeke, pale kituo jumuishi cha mashauri ya familia na mirathi kilichoanza 2021. Mahakama ya mwanzo mpaka Mahakama Kuu zipo eneo moja, huzunguki mji na bahasha.

Sasa mimi nilikwenda na kile tunachoambiana vijiweni, kwamba mtoto akitimiza miaka saba ni wa baba. Wangu mkubwa alikuwa na tisa, mdogo minne. Nilijua kabisa mkubwa natoka naye. Kumbe Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi hivyo. Inachosema ni kwamba mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni vema akae na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Akishavuka saba hakuna mahali palipoandikwa kwamba anahamia kwa baba. Linaloangaliwa ni ustawi wake, na kama ana akili ya kujieleza anaulizwa. Wa kwangu aliulizwa peke yake, sisi tuko nje kwenye benchi. Sikuwahi kujua alichosema na sijamuuliza.

Hakimu aliniuliza mambo matatu. Mdogo anapelekwa kliniki na nani? Mwalimu wa darasa wa mkubwa anaitwa nani? Wanalala saa ngapi? Nilijibu moja. Niliumia mno, kwa sababu ada nilikuwa nalipa bila kukosa na nilidhani hiyo ndiyo kulea. Watoto wakabaki pamoja kwa mama yao, sheria nayo inapendelea ndugu wasitenganishwe. Mimi ninao Ijumaa jioni mpaka Jumapili, na likizo tunagawana. Mwalimu namfahamu sasa, kikao cha wazazi cha mwezi wa tatu nilikwenda mimi.

Kinyozi Tandale

Hilo la miaka saba, kaka, mimi hapa nina miaka arobaini na mbili na ndiyo kwanza nalisikia leo. Kuna mtu kijiweni kwetu alimchukua mtoto kwa nguvu kwa maneno hayohayo.

Msaidizi wa Kisheria, Ilala

Kinyozi, mwambie huyo mtu arudi haraka, kumchukua mtoto kutoka kwa anayemlea kihalali ni kosa chini ya Sheria ya Mtoto.

Nimekuwa kwenye usaidizi wa kisheria miaka tisa, niongeze machache ninayoyaona kila wiki. Wanaokuja kwangu wengi wanauliza "kiwango cha serikali ni shilingi ngapi?" Hakipo. Hakimu anapima kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine ambao mlipaji anawalea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Hilo la mwisho lishikeni. Mtoto anayeishi Sinza hatunzwi kwa bei za kijijini alikozaliwa baba yake. Lakini lazima umwonyeshe hakimu. Maombi mengi yanadhoofika kwa sababu mama anasema "ana hela huyo" na hana chochote mkononi: picha ya duka, namba ya gari, jina la mwajiri, taarifa ya miamala ya simu. Na hajui anwani ya kumpelekea wito.

Mwenye ndoa anayetaka matunzo tu halazimiki kudai talaka. Na si lazima mwombaji awe mama. Baba anayelea anaweza kumdai mama, bibi anayelea anaweza, ofisa ustawi anaweza, mtoto mwenyewe anaweza kupitia mtu wa kumsimamia. Amri inakwenda mpaka miaka 18, na mahakama inaweza kuiendeleza kama bado yuko masomoni. Ukipoteza kazi, usikae kimya ukaacha kulipa. Rudi uombe amri ibadilishwe. Ukikaa kimya deni linahesabika, na siku ya kukazia hukumu, yaani kulazimishwa kulipa, hakuna atakayekusikiliza ukisema ulikuwa na shida.

Ushauri wa bure upo. Mashirika ya msaada wa kisheria kama TAWLA, WLAC na LHRC yana ofisi hapa jijini, na tangu ile Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 sisi wasaidizi tunatambulika. Usilipe kishoka wa nje ya geti akuandikie maombi.

Bibi wa Buguruni

Wajukuu zangu, nawasoma kwa msaada wa mjukuu wangu anayeniandikia. Mimi nilidai mwaka 1988, mtoto wa nje ya ndoa. Sheria ya wakati ule kiwango cha juu kilikuwa shilingi mia moja kwa mwezi. Mia. Sheria yenyewe ilikuwa ya zama za mkoloni. Nilikwenda kuichukua mara nne, nauli ya kwenda na kurudi ikawa inaila yote, nikaacha. Nikamlea kwa kuuza samaki wa kukaanga Ferry. Hiyo sheria imekuja kufutwa 2009 mwanangu ameshakuwa mtu mzima. Mnaposema laki moja mahakamani imeamriwa, mimi machozi yananitoka, si kwa wivu, nafurahi. Nendeni mkadai.

Fundi wa Rangi Tatu

Shikamoo bibi. Mia moja kwa mwezi! Asante kwa kutuambia, Mungu akuweke.

Mjomba wa Kimara

Kaka yangu yuko Marekani, jimbo la Kentucky, naye aliachana na mkewe. Kule kila jimbo lina sheria yake ya familia. Kwao tangu 2018 mahakama inaanza na dhana kwamba wazazi wagawane muda wa mtoto nusu kwa nusu, anayepinga ndiye alete sababu. Na matunzo yana jedwali: unaingiza vipato, idadi ya watoto, kiasi kinatoka. Nilitamani tungekuwa na jedwali kama hilo hapa, kubahatisha kungepungua.

Mama Chanika

Mjomba, jedwali nakubali. Nusu kwa nusu kwa Dar hii naona ugumu. Mimi Chanika, mwenzangu Bunju, upande mwingine kabisa wa jiji. Mtoto wa darasa la pili aamke saa ngapi awahi shule wiki ya baba? Tulijaribu mwezi mmoja kwa hiari yetu, mtoto akawa analala darasani mpaka mwalimu akatuita. Tukabadilisha, anakwenda kwa baba yake likizo na wikiendi ya mwisho wa mwezi. Hatukufika mahakamani, tuliandikishana kwa ustawi na tunalifuata.

Baba wa Binti Mmoja, Vingunguti

Wa kwangu alikuwa na miaka mitatu, mama yake akaenda Oman kufanya kazi za ndani. Alimwacha kwa jirani, si kwangu. Niliomba mahakama nimlee, nikapewa, japokuwa yuko chini ya saba. Jirani alisema ukweli kwamba mama hayupo na mimi ndiye niliyekuwa nahudumia. Mama anapiga video Ijumaa baada ya swala, hata nikiwa na hasira naye nampa mtoto simu.

Mzazi Mwenza, Kinondoni

Niseme langu kwa ufupi maana bado linaniuma. Nilimkana mtoto miaka minne kwa maneno ya ndugu zangu. Mama yake aliponipeleka ustawi nikataka kipimo cha vinasaba (DNA). Haendi mtu mwenyewe tu pale kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, sisi tulipelekwa kwa barua ya ustawi. Siku ya kuchukua sampuli mtoto alikaa katikati yetu. Akanyoosha mkono wake akauweka juu ya wangu, akasema, "Vidole vyetu vinafanana." Majibu yalipotoka nilikuwa nimeshajua.

Nilikuwa Mtoto Huyo

Nina miaka 23. Mimi sina mtoto wala kesi, lakini nimesoma yote nikaona niandike.

Mama yangu alikuwa ananituma dukani kwa baba kuchukua hela. Duka la spea, Kariakoo. Nilianza nikiwa darasa la tatu. Nikifika nasimama pembeni ya kaunta, chini ya bonge la mikanda ya feni za magari iliyoning'inia. Wateja wanahudumiwa mimi nimesimama. Vijana wa dukani wanajua nimefuata nini, wananiangalia halafu wanaangalia pembeni. Baba akimaliza wateja ananiuliza kwa sauti, "Mama yako amesema ya nini safari hii?" Naanza kutaja: mtihani, sare, daftari za maswali. Ananitolea elfu tano, wakati mwingine elfu kumi, anahesabu mbele ya watu. Nikirudi, mama anaihesabu tena na kusema, "Ndiyo hii tu? Hukumwambia vizuri."

Sikuwa nasema chochote kwa yeyote kati yao. Mpaka leo harufu ya mpira mpya inanirudisha pale.

Wazazi, simu zipo. Tumianeni hela wenyewe kwa wenyewe. Mtoto akienda kwa baba yake aende kula na kucheza.

Kinyozi Tandale

Nimesoma hii mara mbili. Pole sana mdogo wangu.

Fundi wa Rangi Tatu

Mdogo wangu, nimechelewa kukujibu kwa sababu umenigusa mahali pake.

Amri ya laki moja inalipwa. Lakini vitu vya ziada, viatu vikikatika, hela ya safari ya shule, nilikuwa nampa binti yangu simu. "Mpigie baba, mwambie." Niliona baba yake hawezi kumkatalia yeye kama anavyonikatalia mimi. Ana miaka tisa sasa. Jana jioni nimemwona kabla ya kupiga anasimama mlangoni, anafanya mazoezi ya maneno kwa sauti ndogo.

Leo asubuhi nimempigia mwenyewe. Kwanza alidhani mtoto anaumwa, hatujaongea kwa sauti tangu mwaka jana, ni meseji tu. Nimemwambia sare imembana, elfu ishirini na tano, nusu yako ni kumi na mbili na mia tano. Akanyamaza. Akasema yuko Makambako, akifika kwenye wakala atatuma. Saa nane hela ikaingia.

Kaunta buku ninalo bado, nimeiandika humo.