Tanka za mafuta Malindi hazionekani usiku. Mpaka nani aungue ndio zioshwe?

Waungwana, hasira nimeshindwa kuimeza. Hizi tanka za mafuta zinazotoka Mombasa kuja Malindi, nyingine zikipitiliza Gongoni na Garsen hadi Lamu, usiku hazionekani. Sisemi hazina stika za kuakisi mwanga. Stika zinazo, ila zimefukiwa na tope, mafuta na vumbi jekundu la huko bara, hata ukizimulika kwa taa kali hazirudishi mwanga.

Juzi usiku, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Gede, tanka imekufa katikati ya leni. Taa za nyuma hakuna, pembetatu hakuna, wametupa matawi mawili ya mwarobaini barabarani basi. Kijana wa tuktuk mbele yangu alikuwa amebeba mama na watoto. Aliiona tanka ikiwa imeshamfikia, akakwepa kulia, na kulia basi linakuja. Walipona kwa kudra ya Mungu tu.

Nilishuka nikaenda nyuma ya ile tanka. Kile kibao cha rangi ya chungwa, cha namba za kuonyesha mzigo uliomo, kilikuwa chekundu kwa vumbi. Nikakifuta kwa kitambaa, ndipo namba zikatokea: 33 juu, 1203 chini. Petroli! Nikamwambia dereva, "Ami, gari yako haionekani, na humu ndani ni moto mtupu." Akanijibu, "Tajiri hataki habari ya kuosha gari, yeye anauliza safari ngapi." Yule dereva simlaumu sana. Namlaumu tajiri wake.

Maana kuosha si urembo. Wamarekani walichunguza ajali za trela zao na kutoa ripoti mwaka 2001: stika za kuakisi zikiwa safi, ajali za kugonga trela kwa nyuma gizani hupungua kwa asilimia 53. Zikiwa chafu, ni asilimia 27. Nusu ya faida inaliwa na uchafu! Uchafu wa kuondoa kwa ndoo ya maji na tambara.

Na kile kibao si cha kumpendeza askari. 33 ni kusema kilichomo ni kioevu kinachoshika moto upesi sana, 1203 ndiyo petroli yenyewe. Gesi ya kupikia utaona 23 juu, mara nyingi 1965 chini. Namba ya juu ikianza na X, usithubutu kumwaga maji. Watu wa zimamoto wanatakiwa wazisome wakiwa mbali, kwa sababu petroli huelea juu ya maji. Ukiimwagia maji unautembeza moto mpaka kwenye nyumba za watu. Inataka povu. Sasa kibao hakisomeki, atajuaje? Akakifute kwanza huku tanka inavuja? Na wanaoficha kibao eti wameshapakua, waache: mvuke uliobaki ndani ya tanka tupu unaweza kulipuka vibaya kuliko tanka iliyojaa.

Moto wa tanka la mafuta Sachangwan, Januari 2009, mnaukumbuka. Zaidi ya watu 100 walikufa, na kila ukitajwa mtu husema "walikuwa wanachota mafuta." Haya, na Karai, Naivasha, Desemba 2016? Lori la kemikali inayowaka liligonga magari mengine usiku, wakafa karibu watu 40. Hao walikuwa wanachota nini? Walikuwa safarini kama sisi.

Kinachoniuma zaidi ni vizuizini. Abiria wa matatu asipofunga mkanda, gari zima linawekwa kando. Tanka yenye taa moja na kibao kisichosomeka inapungiwa mkono ipite. Nimeliona hilo kwa macho yangu, si mara moja.

Kwa hiyo wenzangu wa Muyeye, Maweni, Msabaha, Gongoni: ukiiona tanka ya namna hiyo imesimama, piga picha ya nyuma yake, andika mahali na saa, weka hapa chini. Usipige ukiwa unaendesha. Zikifika za kutosha tutazipeleka EPRA, ndio wanaotoa leseni za kusafirisha mafuta, na NTSA, wale wa usalama barabarani. Na kama kuna tajiri wa tanka humu, ajitokeze atuambie gari yake inaingiaje depo kibao hakisomeki, na kwa nini depo inamjazia.